Tupeane uzoefu: kerneli (kiini cha mfumo wa kompyuta) iliyokuwa ikivuka mpaka wa kumbukumbu, uliikamataje?

Mwanzisha mada, Dodoma
Ndugu wanajamvi, naanza na yangu. Niliandika draiva ya kifaa cha kupima unyevu wa udongo katika shamba la zabibu la mjomba wangu kule Hombolo, na kompyuta ndogo ya Linux iliyokusanya vipimo ikawa inazima ghafla kila baada ya siku mbili tatu. Ripoti ilinielekeza kila mara kwenye mfumo wa faili, nami nikapoteza wiki nzima nikishuku umeme na kadi ya kuhifadhia data, hata nikanunua kadi mpya.

Kilichoniokoa ni KASAN, chombo cha ukaguzi kilichoingizwa katika Linux 4.0 mwaka 2015. Kwa kila baiti 8 za kumbukumbu hutunza baiti 1 ya kivuli inayoeleza ni zipi zinazoruhusiwa kuguswa, hivyo anayevuka mpaka hukamatwa mpakani hapo hapo, badala ya kusubiri jirani alalamike siku mbili baadaye. Nilijenga kerneli upya kwenye laptopu nikiwa nimekiwasha, nikachomeka kifaa, na chai ilikuwa haijapoa skrini ilipoandika “slab-out-of-bounds”, yaani umevuka mpaka wa kipande cha kumbukumbu ulichopewa, pamoja na mstari wenyewe wa msimbo. Safu yangu ilikuwa ya vipimo 64 vya baiti 2 kila kimoja, yaani baiti 128 kamili, lakini kitanzi, yaani amri zinazorudiwa, kilianzia 0 na kusema `i <= 64`, ikawa mara 65. Kipimo cha 65 kilikuwa kinalima shamba la mwenzake, na kwa kuwa jirani alibadilika kila mara, dalili nazo zilibadilika.

Binti wa Singida
Pole, kaka. Mimi sikupata hata dalili. Niliomba baiti 100 kwa `kmalloc`, amri ya kerneli ya kuomba kumbukumbu, kumbe kwenye laptopu yangu hugawa kwa vipimo maalumu na kunipa 128, kwa hiyo baiti chache nilizozidisha zilianguka kwenye nafasi tupu na kila kitu kikaonekana salama. KASAN ndiyo iliyonifichua. Chanzo kilikuwa jina la kifaa, ambalo urefu wake nilikubali kama kifaa chenyewe kilivyoutaja. Kiraka changu cha kwanza, yaani marekebisho ya msimbo niliyowatumia watunzaji wa kerneli, kiliongeza tu ukubwa wa bafa (nafasi ya kuwekea jina hilo), na mkaguzi akakirudisha akisema, kwa haki kabisa, kwamba kifaa kibovu kitataja urefu mkubwa zaidi kesho. Nilipoandika upya, nilikagua urefu pale pale unapoingia, nikaacha `strncpy`, amri ya kunakili maneno ambayo haihakikishi alama ya mwisho wa maneno, nikatumia `strscpy`, ambayo huihakikisha. Usisahau pia kuweka kwenye maelezo ya kiraka mstari wa “Fixes:” wenye herufi 12 za mwanzo za namba ya utambulisho ya badiliko lililoleta kosa, maana ndio unaowaongoza wanaotunza matoleo ya zamani.

Mzee wa Kondoa
Vijana, KASAN hupunguza kasi na hula kumbukumbu, hivyo sishauri iachwe shambani. Huko natumia KFENCE, chombo kingine cha ukaguzi, iliyoingia katika Linux 5.12 mwaka 2021. Hukagua sampuli chache tu, kwa hiyo huhitaji subira, lakini kompyuta inaendelea na kazi yake.

Mwanzisha mada, Dodoma
Ahsante, mzee wangu, nitaiwasha Hombolo. Kiraka changu kilikuwa cha kufuta alama moja ya usawa, na mjomba mpaka leo anawaambia majirani kwamba kilichotibu kompyuta ni ile kadi mpya.