Oili "nzito" lakini inaelea majini: mnato na densiti vinatofautianaje?

mwanagenzi_gereji: Wakuu, habari za mchana. Dukani wanasema 20W-50 ni oili nzito, 5W-30 nyepesi. Mbona zote zinaelea juu ya maji? Huo uzito ni upi?

maabara_kidato4: Hapo "nzito" ni ile ya uji mzito, siyo ya mzigo mzito. Uzito wa lita moja ndiyo densiti: maji kama kilo 1, oili ya injini kama gramu 870, kwa hiyo lazima ielee. Mnato ni jinsi kimiminika kinavyokataa kutiririka. Angalia zebaki: lita moja ina kilo 13.6, ila mnato wake unauzidi wa maji kwa nusu tu. Mafuta ya alizeti ni mepesi kuliko maji, lakini mnato wake ni makumi ya mara zaidi.

fundi_injini: Namba za kwenye galoni ni za mnato tu. Ile yenye W inahusu oili ikiwa baridi, ya mwisho inahusu oili ikiwa nyuzi 100. Kwa joto hilo daraja la 30 ni 9.3 hadi chini ya 12.5 mm²/s (kipimo cha mnato; namba kubwa, mnato mkubwa), la 50 ni 16.3 hadi chini ya 21.9. Ukiweka 20W-50 kwenye injini ya 5W-30, asubuhi oili inachelewa kupanda kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu), tapeti zinazosukuma valvu zinagonga, na gari linakula mafuta. Ukigeuza, utando wa oili kati ya vyuma unakuwa mwembamba na presha ya oili inashuka injini ikishapata moto.

mwanagenzi_gereji: Shukrani. Haidromita ya betri itanionyesha tofauti?

maabara_kidato4: Hapana, hiyo inapima densiti, na kwa densiti oili hizo karibu zinalingana.

fundi_injini: Kulinganisha mnato, chukua chupa mbili sawa, toboa vifuniko tundu la milimita 5, kata vitako ili hewa iingie (usipokata, oili itatoka kwa kukwama-kwama na muda utakudanganya). Geuza chupa kifuniko chini, ziba tundu kwa kidole, mimina mililita 200, achia, hesabu sekunde: inayochelewa ndiyo yenye mnato mkubwa. Oili zote zikae kwanza kivulini saa nzima, maana joto likipanda nyuzi 10 tu, mnato unapungua kwa theluthi au zaidi. Oili iliyotumika ikitoka haraka kuliko mpya ya daraja lilelile, nusa kijiti cha kupimia: huenda petroli imeingia.