Mrejesho: ile tak-tak-tak haikuwa gia boksi

Salaam kutoka Malindi, wakubwa. Niliuliza kuhusu gari langu la mtumba kutoka Japani, linalolia tak-tak-tak nikikata kona; fundi wa kwanza alishanipigia hesabu ya gia boksi nzima. Heri sikuharakisha! Tulizungusha usukani kulia hadi mwisho, tukaenda polepole: mlio ukatoka gurudumu la mbele kushoto. Kuchungulia, mpira unaofunika sivi jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha gurudumu hata likikata kona) umechanika, grisi imetapakaa ndani ya rimu, na mchanga wa Mambrui (kosa langu kupita huko) umejaa humo. Kuosha na kupaka grisi mpya hakukusaidia, vyuma vilishalika. Tukabadilisha jointi ya nje, ile ya upande wa gurudumu, na mpira wake. Kona sasa kimya. Nikikanyaga mafuta bado kuna mtetemo kidogo. Nashuku jointi ya ndani, ile ya upande wa gia boksi, wiki ijayo tunafungua.