Timu tatu zina pointi 6 kila moja: nani anavuka?

Kocha wa Kayole
Wadau, naombeni msaada kabla ya kikao cha kesho jioni. Kundi letu la mashindano ya mtaa limekwisha hivi: sisi tuliifunga Umoja 1-0, Umoja ikaifunga Dandora 2-0, Dandora ikatufunga 3-1. Njiru ilifungwa na wote, sisi 6-0, wenzetu 1-0 kila mmoja. Zinavuka timu mbili, na kamati inasema ni Umoja na Dandora. Tofauti yetu ya mabao ni +5, Umoja +2, Dandora +1! Vijana wanalia. Hii ni haki kweli?

Shabiki wa Kasarani
Tofauti ya mabao ndiyo huamua. Kata rufaa.

Refa Mstaafu, Buruburu
Kocha, wape pole vijana, lakini rufaa isubiri kidogo. Kombe la Dunia la 2018 lilianza na tofauti ya mabao ya mechi zote za kundi. Kwa njia hiyo nyinyi mnaongoza. AFCON na Euro huanza na mechi za waliolingana wenyewe kwa wenyewe. Hapo Njiru inawekwa kando, na mabao yenu sita yanaondoka nayo. Hesabu upya: Umoja +1, Dandora 0, nyinyi -1. Kamati haijakosea hesabu.

Yaliikuta Italia, Euro 2004. Italia, Uswidi na Denmark ziliifunga Bulgaria zote, zikatoka sare zenyewe kwa zenyewe, pointi 5 kila moja. Italia 0-0 na Denmark, 1-1 na Uswidi. Hao wawili 2-2. Tofauti zote zikawa 0, yakahesabiwa mabao ya mechi hizo: Uswidi matatu, Denmark mawili, Italia moja. Italia ikarudi nyumbani bila kupoteza mechi hata moja.

Mimi naiunga mkono njia hii. Timu iliyokwisha kukata tamaa hufungwa mabao yasiyopima chochote. Ila lazima iandikwe kabla ya filimbi ya kwanza. Karatasi ya kanuni inasemaje?

Kocha wa Kayole
Asante mzee. Inasema tu "pointi, kisha tofauti ya mabao".

Refa Mstaafu, Buruburu
Basi rufaa yako ina msingi. Pasipotajwa mechi za waliolingana, zinahesabiwa zote. Nenda na karatasi hiyo, uongee kwa upole. Na msimu ujao andikeni mpaka kadi na kura: mwaka 2018 Japani na Senegal zililingana kila kitu, hata zilipokutana ilikuwa 2-2, Japani ikavuka kwa kadi 4 za manjano dhidi ya 6.

Binti wa Umoja
Na Harambee Stars AFCON 2019, mzee? Tuliifunga Tanzania 3-2, tukawa wa tatu na pointi 3. Afrika Kusini nayo ilikuwa ya tatu na pointi 3, ikavuka.

Refa Mstaafu, Buruburu
Binti yangu, hapo zinalinganishwa timu za tatu za makundi tofauti, na hazijakutana, kwa hiyo kinachopimwa ni mabao ya kundi zima. Algeria ilitufunga 2-0, Senegal 3-0: tukabaki na -4. Afrika Kusini ilikuwa na -1, na raundi iliyofuata ikawatoa wenyeji Misri 1-0 palepale Cairo.