Mjadala: Mafahali wawili kwenye dumu moja la mafuta

Mama Watatu, Busia (mwanzisha mada)
Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Hawakuwahi kununua mafuta ya kupikia hapa Busia, Uganda. Ijumaa nilichukua dumu la lita tatu. Ubavuni limebandikwa kipande cha sabuni kwa seloteepu, shingoni linaning'inia karatasi ya kukwangua: muda wa maongezi wa bure kutoka mtandao wa simu. Kampuni tatu, dumu moja. Nikakwangua kwa ukucha, nikaingiza namba. "Namba hii imeshatumika." Nawapigia wenye mafuta, wananiambia niwaulize wenye mtandao. Wenye mtandao nao wananirudisha kwa wenye mafuta. Sabuni angalau ilifua.

Kilichoniuma zaidi nilikikuta duka la pili: dumu lile lile, bila sabuni, limepungua shilingi 1,500. Sasa nauliza: hizi ndoa za kampuni za vyakula ziachwe tu, au ziwekewe mipaka? Mimi nasema mipaka, na wa kwanza ni huu: kila aliyeweka jina lake kwenye pakiti adaiwe kilichoahidiwa kwenye pakiti. Asinitume kwa mwenzake.

Mwenye Duka, Malaba
Mama, pole, lakini mnatuonea. Nikileta dumu tupu mteja analigeuza geuza, ananiuliza, "Na sabuni yake iko wapi?" Ninyi ndio mnaitaka. Hiyo 1,500 huenda jirani yule alikuwa na mzigo wa zamani tu. Ukuta wangu nusu umepakwa rangi ya soda, nusu rangi ya mtandao. Sikutoa hata senti, na mvua ikiufifisha wanarudi kupaka upya. Serikali ndiyo itakayonipakia? Kadi moja iliyogoma isiwe kesi ya taifa zima.

Dereva wa Masafa
Mimi nilishinda fulana. Ilipauka kabla sijafika Mbarara.

Mzee wa Jinja
Mwenye Duka, usiseme kadi moja. Ufilipino mwaka 1992 Pepsi waliahidi peso milioni moja kwa atakayepata kizibo chenye namba ya ushindi. Ikatangazwa 349. Kumbe namba hiyo ilikuwa imechapishwa kwenye vizibo takriban 800,000. Watu wakajipanga na vizibo vyao mkononi, wakaambiwa havina alama sahihi ya usalama. Malori yakachomwa, watu wakafa. Kesi zikaburutwa mpaka 2006, mahakama ya juu kabisa ya huko ikasema kampuni haidaiwi. Na hiyo ilikuwa kampuni moja, mlango wa kubisha unajulikana. Huyu mama ana milango mitatu.

Mwalimu, Tororo
Ninyi mnazungumzia madumu, mimi nina kibao. Kibao cha shule yetu pale barabarani kina jina la shule kwa herufi ndogo, na chupa ya soda inayozidi kimo cha mtoto wa darasa la kwanza. Nilikuwepo kwenye kikao. Kibao cha zamani kilikuwa kimeliwa na mchwa, fedha za ukarabati zilikuwa zimeishia kwenye vyoo, watu wa soda wakaja na mafundi wao. Tukakubali chai haijapoa. Sasa Jumatatu nafundisha kwamba sukari nyingi inaozesha meno, kengele inalia, watoto wanatoka wanapita chini ya chupa ile kwenda kantini. Kuna mmoja aliniuliza kama soda ni ya shule.

Chile tangu 2016 imepiga marufuku vikatuni kwenye pakiti za vyakula vilivyozidi kiwango cha sukari, chumvi au mafuta. Wao walianzia kwa mtoto, na mimi ningeanzia hapo kabla ya sabuni ya Mama Watatu. Nilinyoosha mkono kukubali kibao kile. Leo nisingeunyoosha, ingawa sijui kingine tungekipata wapi.

Kijana wa Kisenyi
Mwalimu kagusa penyewe. Sheria ya michezo ya bahati nasibu ya 2016 hapa kwetu inakataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Mdogo wangu wa miaka tisa akifika kwenye mlango wa kubeti anafukuzwa. Akinunua soda anafungua kizibo, anachungulia ndani, anakunja uso, anaomba hela ya nyingine. Tofauti iko wapi, banange?

Nesi, Arua
Tofauti ipo: soda aliinywa, kwenye kubeti angetoka mikono mitupu. Na si kila ushirikiano ni ujanja. Nawatazama wale wanaochangia wagonjwa, ingawa hata huko macho yawe wazi. Marekani mwaka 2010 KFC na shirika la Susan G. Komen waliuza kuku kwenye ndoo za pinki, kila ndoo senti 50 za dola kwa vita dhidi ya saratani ya matiti. Zilipatikana zaidi ya dola milioni nne. Wakosoaji wakauliza, kuku wa kukaangwa na afya wapi na wapi? Mimi fedha zile ningezipokea. Ndoo nisingeipeleka wodini.

Mwenye Duka, Malaba
Kwa hiyo jibu liwe nini? Alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwenye dumu inakuhakikishia mafuta. Hainihusu mimi wala karatasi ya kukwangua. Mkitaka karatasi iwe na mwenyewe, sawa, iandikwe namba moja ya simu na jina moja la kudaiwa. Hapo sipingi. Lakini sabuni msiniondolee.

Mama Watatu, Busia
Kwenye namba moja ya simu tumekubaliana. Kuhusu sabuni, leo nimerudi lile duka la kwanza. Madumu yamebaki peke yake, ubavuni alama za seloteepu. Sabuni ziko rafu ya juu, shilingi 800 kila kipande. Nikageuza kimoja. Nyuma kimepigwa muhuri: "Zawadi, haiuzwi."