Natafuta kubadilishana kituo, natoka Temeke naenda Liwale. Ushauri wenu wakuu

Ticha Mpole
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni mwalimu wa serikali, nafundisha Historia na Kiswahili sekondari moja hapa Temeke. Kidato cha pili nina watoto zaidi ya tisini kwenye chumba kimoja, kusahihisha insha ni kukesha. Kuna mwalimu dada yuko shule ya kata wilayani Liwale, mkoa wa Lindi, shule nzima ina wanafunzi 140, anataka kumfuata mumewe Dar. Tumeelewana tubadilishane. Waliowahi kufundisha shule ndogo za vijijini, maisha yakoje? Nyumba ya mwalimu ipo, nimetumiwa picha. Matusi hapana.

Konda Mstaafu
Watu wanauza mbuzi wapate uhamisho wa kuja Dar, wewe unatoka Temeke kwenda Liwale? Mkuu, tembo wa kule hawajali mshahara wako uko ngazi ya TGTS D au E.

Mama Ubuyu
Nenda mwanangu, kijijini kuna baraka. Marehemu mume wangu alikuwa mwalimu Kigoma, hatukuwahi kununua mawese wala kuku. Wazazi walikuwa wanaleta wenyewe. Siku hizi mwalimu wa Dar hata salamu hapewi, mtoto anakupita na earphone masikioni.

Chaki Nyeupe
Nimefundisha Lindi vijijini, nitakwambia ukweli. Wanafunzi wachache haina maana kazi ndogo. Wewe wa Historia utapewa na Uraia, na mwalimu wa Baiolojia akiondoka utapewa na hiyo. Fizikia wanajisomea. Ruzuku inakuja kwa idadi ya vichwa, kwa hiyo kwa shule ndogo hata karatasi za mtihani wa majaribio ni mgogoro. Ada ya 20,000 ilifutwa 2016 lakini chakula bado ni mzazi, na mzazi akivuna kidogo debe la mahindi haliji, mtoto anashinda na maji.
Wanaotoka mbali wanapanga mageto. Mtoto wa kidato cha kwanza anaishi peke yake, anapika ugali wake kwenye mafiga matatu nje ya mlango, kitabu mkono mmoja, mwiko mkono mwingine. Mabinti wa kwenye mageto ndio walioninyima usingizi. Na korosho zikianza kudondoka, mahudhurio usiulize, wakati kidato cha nne mtihani wao ni Novemba. Siku moja darasa lilijaa saa nne asubuhi, tembo walikuwa wamesimama njiani.
Ila wale watoto nilijua majina yao wote, na ya mama zao. Dar sikuwahi.

Ticha Mpole
Asante sana kiongozi. Hiyo ya kujua majina ndiyo ninayoitafuta.

Kijana wa Buza
Acha kutuzuga ticha. Hakuna anayeikimbia Temeke kwa sababu ya insha. Unamkimbia nani?

Ticha Mpole
Sijamkimbia mtu. Nataka utulivu tu.

Kijana wa Buza
Mikopo ya kausha damu?

Ticha Mpole
Sawa, yapo madeni kidogo. Wawili wa mtaani, mmoja kashika kadi yangu ya benki. Wanakuja mpaka ofisi ya walimu, wanakaa kwenye benchi wanasubiri kengele. Sasa hapo unafundishaje Vita vya Majimaji?

Dada Hesabu
Mwalimu, mshahara wako ukiwa Liwale unaingia akaunti ipi? Ileile. Kadi anayo nani? Yeye. Utalipwa Lindi, atatoa pesa Mbagala. Kafunge kadi benki, hiyo ni kazi ya asubuhi moja, haihitaji kuvuka Rufiji.

Ticha Mpole
Nikifunga kadi wanamfuata mdhamini.

Dada Hesabu
Na mdhamini ni nani?

Ticha Mpole
Mwalimu mwenzangu, tunakaa meza moja. Lakini nitakuwa namtumia kidogo kidogo kila mwezi. Kule hakuna nauli, hakuna kodi ya nyumba. Na fomu nimeshasaini, mkuu wa shule kapitisha, godoro limeshatangulia na basi.

Mama Ubuyu
Eh! Mwanangu, huyo mwenzio anajua?

Ticha Mpole
Ana mambo yake mengi, sitaki kumpa presha mapema.

Chaki Nyeupe
Saini ya mkuu wa shule si kibali. Ombi linapita kwenye mfumo, waajiri wa pande zote mbili waridhie, ndipo kibali kitoke. Na uhamisho wa kuomba mwenyewe hauna posho, unajigharamia. Godoro umeliwahisha. Ongea na mwenzio kabla hujaondoka.

Mchawi wa Kumbukumbu
Jamani hii ni chai, uongo mtupu. Huyu huyu mwezi uliopita aliuliza hapahapa kidato cha tano aende mchepuo wa HGL au HKL, akasema amemaliza kidato cha nne. Leo ana TGTS?

Konda Mstaafu
😂😂 Leteni vitafunwa.

Ticha Mpole
Akaunti tunatumia na mdogo wangu.

Mchawi wa Kumbukumbu
Haya, ticha. Azimio la kazi na andalio la somo, kipi kinatangulia?

Ticha Mpole
Azimio. La muhula, ndipo andalio la kipindi. Mnanihoji kama mkaguzi.

Kijana wa Buza
Hilo hata mdogo wake angejibu.

Konda Mstaafu
Chai au si chai, barabara ya Nangurukuru–Liwale masika naijua mimi. Basi likizama kwenye tope mnashuka wote, hata mwenye suti. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ilikatika pale Somanga, tukala korosho za abiria mmoja mpaka akalia.

Dada Hesabu
Ticha, hujajibu. Mwenzako wa meza moja utamwambia lini?

Mwalimu wa Tunduru
Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Tunduru, nafundisha Jiografia na Kiswahili, natafuta Dar huu mwaka wa ngapi sijui. Huyo dada wa Liwale ameshapata mtu kweli, au hii nafasi ya Temeke bado iko wazi?