Njia ya miguu kwenye udongo wa mbuga: nimwage zege, nitandike pevingi au nipange mawe?

Bariadi_Kwetu
Wakuu habari za jioni.

Nina nyumba hapa Bariadi, kiwanja kimekaa bondeni na udongo ni mbuga nyeusi tii. Waliokaa Usukumani wanaujua: mvua ikinyesha kandambili zinabaki kwenye tope, wewe unaendelea na safari. Kiangazi nyufa zinaachama hadi mtoto wa mbuzi anateguka mguu.

Nataka njia ya kudumu kutoka getini hadi barazani, mita 20 hivi kwa upana wa mita 1.2. Mama yangu anatembelea mkongojo na huko mbele huenda tukahitaji kiti cha magurudumu, kwa hiyo pawe sawa. Kuna njia ya zamani niliyoikuta hapa, zege jembamba lililomwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Imekatika vipande vipande, kingo zimenyanyuka, katikati imebonyea na inashika maji. Fundi mmoja ananiambia dawa ni kuongeza simenti na nondo. Mwingine anasema tandika pevingi, vile vitofali vya zege vya kupanga, maliza kazi. Naomba ushauri wa waliowahi kufanya. Wa kuniambia nihame wapite tu.

Bwana_Koleo
Nilikuwa nimeshaandika "hama", nimefuta. Nafuatilia uzi.

Timazi
Mkuu, kabla ya zege au pevingi nijibu mambo matatu. Maji ya bati yanaangukia wapi? Kiwanja kinainamia upande gani? Kuna mti au bustani karibu na hiyo njia?

Bariadi_Kwetu
Gata hakuna, maji yanadondoka pembeni mwa baraza pale pale njia inapoishia. Kiwanja kinainamia getini, kidogo sana. Kuna mwarobaini mkubwa kama mita 2 kutoka njiani. Na mama watoto ana maua pande zote mbili za njia, anayamwagilia kila jioni kiangazi chote.

Timazi
Basi ugonjwa umeutaja mwenyewe. Udongo huo ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa. Haujali umeweka mifuko mingapi ya simenti. Ungevimba wote kwa pamoja na kushuka kwa pamoja, njia yako ingepanda na kushuka kama mtumbwi na isingepasuka. Shida ni kwamba hauvimbi sawasawa. Zege limefunika katikati, pale unyevu haubadiliki haraka. Kingo ndizo zinazopata mvua na maji ya maua, kwa hiyo zinanyanyuka na katikati inabaki chini. Ndiyo hali uliyoieleza. Kiangazi kingo zinakauka kwanza, zinashuka, na ufa unatokea kwa urefu wa njia. Uzito wa watu wanaopita hapo ni mdogo mno kuvunja chochote.

Kwa hiyo fedha ya kwanza iende kwenye gata na bomba la kupeleka maji mbali na njia. Ya pili iende kwenye tuta la moramu, ule udongo wa changarawe wa kujengea barabara. Sura ya juu ni jambo la tatu.

Maua yahamishwe. Najua hiyo ni vita ya ndani ya nyumba, siingilii.

Mwarobaini usikimbilie kuukata. Mti mkubwa unafyonza maji mengi, ukiukata udongo uliokuwa umesinyaa chini yake unaanza kunywa na kuvimba, na hali hiyo inaweza kuendelea kwa misimu kadhaa. Pindisha njia, ikae mbali nao kadiri kiwanja kinavyoruhusu.

Kitengela_Juu
Hapa Kitengela, Kenya, tuna huo huo udongo mweusi, mtaa mzima. Mimi nilichimba futi moja, nikajaza mawe makubwa, juu nikaweka kokoto ndogo, vumbi la mawe, halafu kabro (ndizo pevingi zenu). Maji yapite chini kwa raha yake. Mpaka sasa iko sawa.

Timazi
Ndugu yangu wa Kitengela, kwako huenda kiwanja kina mteremko na maji yanapata pa kutokea. Kwa kiwanja cha bondeni kama cha Bariadi, ukichimba mtaro ndani ya mfinyanzi ukaujaza mawe yenye mianya, umetengeneza beseni refu. Maji yanaingia, hayana pa kutokea, yanakaa yakinywesha udongo ulio chini ya njia yako. Ukitaka mawe, lazima kuwe na bomba la kutoa maji hadi sehemu ya chini zaidi. Kama hakuna sehemu hiyo, jaza kitu kinachoshikamana na kisichopitisha maji kirahisi, yaani moramu iliyoshindiliwa vizuri.

Kitengela_Juu
Kweli, mimi nina mtaro wa barabara nyuma ya ukuta, njia inamwagia huko. Hilo sikulitaja. Hoja yako naikubali.

Pimamaji
Watu wanalisingizia zege. Lililoharibika hapo lilikuwa jembamba na halina maungio, yaani mianya ya kuligawa vipande. Weka sentimita 10, mchanganyiko wa simenti 1, mchanga 2, kokoto 4, waya meshi katikati ya unene (fundi asiulaze chini halafu amwage juu yake), na maungio kila mita 1.2 ili kila kipande kiwe mraba. Kipande cha mraba kikinyanyuka kinanyanyuka chote. Kipande kirefu ndicho kinachotafuta pa kukatikia. Lifunike, limwagiliwe kwa siku 7 angalau, hasa kwa jua la huko. Na usiliunganishe na baraza. Acha mwanya wa sentimita 1 hadi 2, ujaze kitu laini, kwa sababu nyumba ina msingi wake na njia ina mwendo wake.

Kwa mama wa mkongojo zege lililopigwa brashi ni bora kuliko pevingi, halitelezi na halina vijiwe vya kujikwaa.

Timazi
Kila ulichosema kuhusu zege ni sahihi na bado nitamshauri pevingi. Sababu moja: kwenye mbuga, hata ukifanya yote, kuna siku kitu kitasogea. Pevingi zikibonyea mahali unazing'oa, unasawazisha mchanga, unazirudisha zile zile. Zege likisogea unaita mtu wa nyundo. Pevingi za unene wa milimita 60 zinatosha kwa miguu na kiti cha magurudumu. Za 80 ni za magari.

Mama_Kokoto
Shikamooni wakubwa, na wadogo zangu habari. Mbona hakuna anayetaja mawe ya bapa? Huku Mwanza mawe yapo kila kona. Panga mawe mapana kwa hatua, kila moja lina mwendo wake, lolote likizama unalinyanyua kwa mtaimbo. Hakuna simenti, hakuna fundi. Kwangu nimefanya kwenda bandani.

Bariadi_Kwetu
Marahaba dada. Ningependa sana, yangependeza. Ila mama na mkongojo kwenye mawe ya kurukaruka hapana. Nitayatumia kwenda bandani kama wewe.

Timazi, nipe vipimo basi. Na moramu nzuri naijuaje? Huku kila dereva wa tipa anaapa yake ndiyo nzuri.

Timazi
Chimba sentimita 30 kwenda chini, upana mita 1.8, yaani zidisha sentimita 30 kila upande wa njia. Hayo mabega ya pembeni ndiyo yanayosogeza sehemu ya kuvimba mbali na kingo za pevingi, usikubali fundi ayapunguze. Toa udongo wote wa mbuga, usiache hata kidogo wa kusawazishia. Jaza moramu tabaka mbili za sentimita 15 kila moja, iwe na unyevu wa kushikamana mkononi bila kutoa maji, ishindiliwe kwa kompakta. Kushindilia kwa gogo kunawezekana kwa tabaka nyembamba zaidi, lakini vijana watachoka kabla moramu haijashiba. Juu yake mchanga sentimita 3, halafu pevingi. Njia itakaa kama sentimita 9 juu ya ardhi, na ndivyo inavyotakiwa. Njia ya kwenye mbuga ikilingana na ardhi inageuka mfereji. Pale getini na barazani ishushe taratibu, isipande zaidi ya sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu, kiti kipite.

Inamishe upande mmoja sentimita 2 kwa kila mita. Kingo zifungwe kwa tofali za zege zilizosimikwa, la sivyo pevingi zitatawanyika. Mwisho fagia mchanga laini mkavu kwenye mianya.

Hesabu ya moramu: 20 × 1.8 × 0.3 ni kyubiki (mita za ujazo) 10.8 ikiwa imeshindiliwa. Ikiwa haijashindiliwa agiza kama 14. Muulize dereva tipa lake linabeba kyubiki ngapi, usinunue kwa jina la "tripu".

Kuijua moramu: chukua konzi, toa kokoto, lowanisha, viringisha kama unafinyanga uzi. Ikikubali kuwa uzi mwembamba wa milimita 3, mrefu, usiokatika, hiyo ina mfinyanzi mwingi, mrudishie. Ikikatika-katika mapema, hiyo ni yako.

Pimamaji
Hapo kwenye mabega nakuunga mkono, hata mwenye zege ayaweke.

Ng'wana_Luseni
Mimi niko juu mlimani kwenye mchanga, sina shida zenu. Ila swali: chokaa je? Nimesikia inaua huo udongo.

Timazi
Inafanya kazi. Chokaa iliyochomwa na kuzimwa inabadilisha tabia ya mfinyanzi, unakuwa wa kumeng'enyeka na hauvimbi sana. Kiwango cha kawaida ni asilimia 4 hadi 6 ya uzito wa udongo mkavu. Kwa kina cha sentimita 15 ni kama kilo 10 kwa kila mita ya mraba. Kazi yenyewe ndiyo ngumu: mabonge ya mbuga yasagwe, yachanganywe, yaachwe siku moja au mbili, yachanganywe tena, ndipo yashindiliwe. Moramu ikiwa mbali sana na kwako, fikiria hilo. Chokaa ya kilimo, ile ya mawe yaliyosagwa tu, haifai kwa kazi hii. Na vijana wavae miwani na glovu, chokaa inaunguza macho.

Bariadi_Kwetu
Moramu ipo karibu, namshukuru Mungu. Swali la mwisho: sasa hivi ni kiangazi, nyufa ziko wazi. Nianze kesho kabla mvua hazijaanza?

Timazi
Usianze. Udongo sasa umesinyaa kupita kiasi. Ukijenga juu yake, mvua za kwanza zitaunyanyua na njia yako yote juu. Ukijenga ukiwa umelowa chapachapa utashuka baadaye. Subiri mvua zikatike, mwezi wa 5 au wa 6, udongo ukiwa na unyevu wa wastani na nyufa zimefunga. Kwa sasa weka gata, toa zege la zamani, hamisha maua. Kwa ajili ya mama mwaga moramu kidogo ya kupitia msimu huu.

Mama_Kokoto
Na kwenye hiyo ya muda tandika salfeti za mbolea zilizochanwa chini ya moramu, zipishane sentimita 30, usizianike juani muda mrefu kabla ya kufunika maana zinaoza. Zinazuia moramu isimezwe na tope. Mwezi wa 5 unaikusanya ile ile moramu unaiingiza kwenye kazi.

Bariadi_Kwetu
Hiyo nimeichukua. Kesho natafuta mtu wa gata. Suala la maua nitalipeleka Jumapili baada ya chakula.

Bwana_Koleo
Kachukue na kitenge kwanza.