Tulipu, amarilisi, gladiola au yale mekundu ya porini: yapi yatachanua mvua ya Machi ikianza?

Nalongo_Ntinda
Habari zenu wapenda bustani. Nina kauwanja mbele ya nyumba hapa Ntinda, Kampala, si kakubwa, jua linapiga asubuhi mpaka saa saba hivi alafu ukuta wa jirani unaleta kivuli. Nataka maua ya vitunguu, yale unazika mara moja yanajirudia yenyewe, na nataka yachanue mvua za Machi zikianza maana Pasaka nyumba yangu hujaa watu. Dada yangu yuko Uholanzi anasema atanitumia tulipu na dafodili, picha alizonitumia zimenimaliza kabisa. Lakini mama mmoja kanisani anasema nisijisumbue nipande amarilisi, mwenye kitalu kando ya barabara ya Entebbe anasema gladiola ndo kila kitu, na shangazi yangu wa Masaka ananicheka, eti yale mekundu ya duara yanayoota porini yanashinda yote na ni bure. Nisaidieni kulinganisha, mi sina muda wa kubembeleza mmea. Nina watoto wawili wadogo na mbuzi wa jirani huwa anaingia.

MzeeKigezi
Nalongo, tulipu achana nazo. Nakwambia nikiwa Kabale, tuko zaidi ya mita 1,800, usiku tunalala na blanketi mbili na bado baridi yetu ni ndogo kwa ile kitu. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati ambako miezi mizima ardhi imefunikwa theluji. Kitunguu cha tulipu lazima kikae kwenye baridi ya chini ya nyuzi 9 kwa wiki kama 12 mpaka 16 mfululizo ndipo ua lililoko ndani lipate nguvu ya kurefuka. Kisipopata hiyo baridi kinatoa majani mawili matatu, ua linafunguka chini kabisa karibu na udongo au linakauka likiwa bado halijafumbuka. Dafodili nazo ni hivyo hivyo, isipokuwa zile nyeupe ndogo zenye harufu kali, hizo hazidai baridi. Ila zinapenda hali ya ubaridi-baridi, Kampala zitakaa muda mfupi sana.

Bonde_la_Kasese
Mzee umesahau kumwambia akapande kule juu milima ya Rwenzori, kilele cha Margherita mita 5,109, baridi ipo ya kutosha 😂 shida ni kwenda kumwagilia.

Lakini tusimvunje moyo kabisa, watu wa nchi za joto wanatumia friji. Unaweka vitunguu kwenye mfuko wa karatasi (si kaveera, ule wa plastiki, vitaoza), sehemu ya chini ya friji, si kwenye friza, wiki hizo hizo alizosema mzee. Na humo ndani kusiwe na matunda. Ndizi, papai, embe, maepo, yote yakiiva yanatoa hewa ya ethilini na hiyo hewa inaua ua ndani ya kitunguu, kwa nje hutaona kitu. Unapanda, linachanua siku chache, basi. Mwaka wa pili usingoje chochote, maana joto letu linakausha majani kabla kitunguu hakijajaza chakula chake. Kwa hiyo ni starehe ya mara moja, kama kununua keki.

Nalongo_Ntinda
Friji yangu imejaa matunda ya pasheni na menvu (ndizi mbivu), na umeme unakatika bila taarifa. Tulipu imeshaanguka mtihani wa kwanza. Pole dada yangu.

Entebbe_Ziwani
Na asitume kwa mizigo ya kawaida tu jamani. Kuingiza vitunguu vya maua unatakiwa kibali kutoka Wizara ya Kilimo, ofisi ziko hapa hapa Entebbe, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka huko vinakotoka. Si usumbufu wa bure, magonjwa mengi husafiri na udongo ulioganda kwenye mizizi. Inachekesha kidogo, waridi zetu zinapanda ndege kwenda Uholanzi na sisi tunatamani vitunguu vyao.

Sasa turudi kwenye swali. Mi kura yangu ni amarilisi na sitaki kusikia lingine 😀. Watu wanafikiri hapa kwetu maua hayana msimu kwa sababu jua ni lile lile, mchana saa 12 usiku saa 12 mwaka mzima. Msimu upo, ila unaletwa na ukavu, si baridi. Amarilisi (hizi kubwa za madukani asili yake Amerika Kusini) inataka ipumzike kavu alafu ipate maji, basi. Sisi tuna Desemba mpaka Februari kavu kisha mvua, yaani hali ya hewa inakufanyia kazi. Panda mahali ambapo hutamwagilia kiangazi, karibu na ukuta chini ya upenu panafaa sana, na shingo ya kitunguu iache nje, theluthi moja ionekane juu ya udongo. Ukikizika chote kinaoza mvua ikizidi, na kikizikwa sana kinatoa majani tu mwaka baada ya mwaka mtu analalamika. Mvua ya kwanza ikidondoka utaona kitu cha kijani chenye ncha bapa kinachungulia ubavuni mwa shingo, wakati mwingine kimeanza na wekundu kidogo kwenye ncha, hicho ni kikonyo cha ua si jani, jani huwa jembamba zaidi. Kikonyo kimoja kinabeba maua mawili mpaka manne, hata zaidi, na kitunguu kikubwa kinatoa vikonyo viwili. Baada ya hapo USIKATE majani, ndiyo yanayolisha kitunguu kwa mwaka ujao. Kwangu saa nyingine yanarudia Septemba baada ya kile kiangazi cha katikati ya mwaka.

Ubaya wake: vile vitoto vinavyoota pembeni vinachukua miaka miwili mitatu kuchanua, ukipewa vidogo kuwa na subira.

DadaArua
Entebbe umetetea vizuri lakini shangazi wa Masaka yuko sahihi bwana. Lile jekundu la duara, wengine wanaliita fayaboli, jina la kitaalamu Scadoxus multiflorus, ni mtoto wa hapa hapa Afrika, halihitaji kufundishwa mvua. Huku Arua kiangazi chetu ni kirefu na kikali, nyasi zote zinakuwa rangi ya kahawia, mvua ya kwanza ya Machi Aprili ikipiga tu linatoka ardhini bila hata jani. Chutama ulitazame karibu: si ua moja, ni vijiua vidogo vidogo vinaweza kufika mia na zaidi, kila kimoja kina petali nyembamba kama uzi na nyuzi ndefu zenye vichwa vya njano, ukigusa unga unabaki kidoleni. Majani yanafuata baadaye, alafu vitunda vyekundu. Na linapenda kivuli, chini ya mwembe au ovakado linakaa vizuri, hapo kwenye kivuli cha ukuta wako ndo mahali pake, amarilisi kwenye kivuli inakuwa mvivu.

Mambo mawili ya kuangalia. Kiangazi linapotea kabisa, huoni kitu, kijana anayekuja kulima anachimba anatupa. Weka mawe kuzunguka. Pili lina sumu, kuna sehemu za Afrika watu walilitumia kwenye mishale na kuvua samaki. Hivyo vitunda vyekundu watoto wanavitamani, kata kikonyo ua likishanyauka.

Nalongo_Ntinda
Haa, sumu tena? Na amarilisi je?

DadaArua
Nayo ina sumu, ni ukoo mmoja, na dafodili pia ziko humo humo, kwa hiyo hata za Uholanzi zisingekuokoa. Sumu kali zaidi iko kwenye kitunguu chenyewe na kuchimba si rahisi kwa mtoto. Mbuzi wengi wakionja jani wanaacha. Ila ile Gloriosa inayotambaa kwenye uzio, nyekundu na njano petali zimepinda juu, usipande kabisa ukiwa na watoto. Kiazi chake mtu anaweza kudhani ni kiazi kikuu, na sumu yake inaua mtu mzima.

MauaWandegeya
Mi nauza maua kwa hiyo mtasema najipendelea, lakini mbona mmeruka gladiola? Nalongo anataka Pasaka. Amarilisi na fayaboli zinachanua zinapotaka zenyewe, mvua ikichelewa wageni watakula pilau wakitazama majani. Gladiola unahesabu kwenye kalenda: siku 70 mpaka 90 toka kupanda, kutegemea aina. Pasaka ikiwa katikati ya Aprili unapanda mwishoni mwa Januari, unamwagilia, kisha baada ya wiki mbili unapanda mstari mwingine ili zikifuatana usikose. Rangi zipo zote na unakata unaweka ndani ya nyumba wiki nzima, mafundi wa kupamba harusi wanazitafuta sana.

MzeeKigezi
Gladiola ni nzuri lakini Nalongo kasema hana muda wa kubembeleza! Zinataka vijiti vya kuegemea la sivyo mvua inazilaza chini, zinataka jua la kutwa, zinashikwa na vile vidudu vidogo vinavyoacha mistari ya rangi ya fedha kwenye majani, na majani yakishageuka njano unachimba, unatupa kitunguu cha zamani kilichosinyaa chini, unahifadhi kipya kilichoota juu yake. Huku kwetu fuko wanazimaliza ardhini kabla hujaona jani. Ukipata ile ya porini ya rangi ya machungwa, Gladiolus dalenii, hiyo ni ngumu zaidi na ndiyo mmoja wa wazazi wa hizo za dukani.

MauaWandegeya
Mzee, fuko ni wa Kabale, Ntinda hakuna fuko, kuna mbuzi. Na mbuzi gladiola anakula, hapo nakubali.

Binamu_Busia
Naongeza kidogo. Pembezoni mwa njia weka maua ya mvua, Zephyranthes, majani ukiyaona utadhani nyasi, siku chache baada ya mvua kubwa yanatoka meupe au ya pinki kwa pamoja. Kila ua linakaa siku moja mbili tu lakini yanarudi kila mvua. Ua la kana (canna) sina haja ya kulisema, hiyo hata ukiitupa jalalani inachanua, mi naiona ya kawaida mno.

Entebbe_Ziwani
Nalongo kabla hujaenda kununua: amarilisi geuza jani uangalie chini. Kuna kiwavi cheusi chenye madoa meupe na njano, kinaanzia kwenye ncha ya jani, kinatoboa kinateremka kwa ndani mpaka kwenye kitunguu, ukichelewa unakuta uji mweusi unaonuka. Kiokote kwa mkono jioni. Na kitunguu chenye madoa mekundu kama kutu yaliyozama kwenye magamba na majani, hicho usichukue hata ukipewa bure, ni ukungu na utaambukiza vingine.

Nalongo_Ntinda
Basi naona hivi: amarilisi upande wa jua chini ya upenu, fayaboli kivulini na mawe, maua ya mvua kwenye njia. Gladiola nitanunua zimeshakatwa kwa MauaWandegeya wiki ya Pasaka, asinune. Dada nitamwambia anitumie picha tu. Shangazi kasema anachimba fayaboli wiki ijayo, nani ana amarilisi nyeupe tubadilishane? Nyekundu kila mtu anazo.

Entebbe_Ziwani
Nyeupe yenye mistari ya pinki ninazo zimebanana. Ukija Jumamosi njoo na fayaboli mbili zikiwa bado na mizizi, na sanduku, si kaveera.